Pombe ya Nyabate Niliyoitema

Kimulot, 7 Januari 2024

Kwa binti yangu Nyabate,

Kwanza kabisa, hiyo hadithi wanaisimulia vibaya. Wote. Osoro wa duka anaisimulia vibaya. Shangazi yako Nyatichi anaisimulia vibaya na chumvi juu. Hata jirani Kiplangat, mtu alikuwa amekaa karibu yangu mpaka goti yake inagusa yangu, anaisimulia kama mtu alikuwa mbali huko Kedowa siku hiyo. Ati Ombui ametema pombe ya binti yake mbele ya wageni. Ngoja nikusalimie kwanza, ndio nikupe ukweli.

Habari ya huko Nairobi? Hapa sisi wazima. Ng'ombe mzima, majani chai mzima, mvua nayo ni mingi mpaka vyura wanabisha mlango waombe malazi. Mimi niko na nguvu kama trekta. Naandika kwa mkono sababu ukiona namba yangu unakata, na hii barua naweka kwa gari ya vifurushi. Uvumilie mwandiko. Ni wa ngumbaru, ile shule yetu ya wazee pale kwa estate. Mwalimu alisema herufi zangu zinatembea kama walevi. Nikamwambia zimefuata baba yao.

Sasa sikia. Ulikuja Krismasi na kreti. Ukasema hii ni pombe ya ngano, umepika wewe mwenyewe huko kwa hicho kiwanda chenu kidogo, na ndani umetia matunda damu ya ule mti mama yako Janefer alipanda nyuma ya jikoni kabla atuache. Ukasema bosi anangoja kuipika nyingi, lakini hakuna mtu ataonja kabla ya babako. Hapo ulifanya heshima. Kilima hii yote inajua, pombe Ombui hajaonja ni maji ya kuosha sufuria. Zamani walikuwa wananifunga macho, wananipa busaa, nasema ni ya nani, imepikwa na kuni gani, na kama mwenye kupika amekosana na bwana yake. Siku moja nikasema hii ni ya Chepkemoi wa Kiplangat na amelia juu ya sufuria. Kiplangat akaangalia chini. Uliza.

Basi ukanimiminia. Rangi kama chai ya rangi imetiwa damu ya kuku, na povu nyeupe kama ndevu yangu. Nikapiga funda. Kumbe kuna nzi! Si nzi ya nyumba, Nyabate, ni nzi ya msitu wa Mau, kubwa kama njiwa. Ndio nikatema. Mtu mwingine angezikwa.

Wewe ukabeba kreti yako ukaenda, hata sahani hukumaliza. Rudi, mama. Nzi alishakufa.

Ni mimi, Tata yako,
Ombui


Nairobi, 18 Februari 2024

Tata,

Nakusalimu. Natumaini uko salama. Mimi niko tu.

Hakukuwa na nzi. Mimi ndiye nilimimina.

Nilikuwa nakuangalia uso, Tata. Ulifunga macho kama mtoto amepewa dawa ya minyoo. Ukatema kwa nyasi, ukapangusa mdomo, ukasema "leteni chai," na hata hiyo chai haukuigusa. Watu wakacheka. Shangazi Nyatichi akasema afadhali mama alikufa mapema, yeye na Sabato yake, kuliko kuona binti anapika pombe na hata hajui kuipika. Nilingoja useme kitu. Wewe ambaye hujawahi kosa maneno hata kwa matanga.

Nilimwambia bosi hiyo tuiache. Sasa tunapika ya ndimu. Kila mtu anaipenda na mimi sijali.

Mimi nilijifunza kunusa kwa magoti yako. Kama pombe ilikuwa mbaya, sema. Kama ni matunda yalikuwa mabichi, sema. Kazi yangu ni kurekebisha. Lakini usiniandikie nzi.

Mwanao,
Nyabate


Kimulot, 3 Machi 2024

Nyabate wangu,

Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, nikamwekea Kiplangat asome, akashika juu chini. Hujambo? Baridi ya huko inakuonea? Sisi huku salama. Mimi nimekonda kidogo, nakunywa uji tu siku hizi. Nasikia wazungu wanalipa pesa nyingi wafike hapa nilipofika mimi bure.

Haya. Wacha nzi. Nzi ni mapambo tu, hata hadithi inataka kuvaa shati.

Ukweli ni hii. Wewe umezaliwa hapa Kimulot lakini unafikiri kama Mkisii wa Kisii. Mimi nimekaa na Wakipsigis tangu nikiwa kijana wa kuchuma, kikapu mgongoni, nikiwashinda wote mpaka nyapara anadhani naiba majani usiku. Na hawa watu, mzee wao akipenda kitu sana, hapigi makofi. Anachukua pombe kwa mdomo, anaitema iruke hewani, na hiyo ndiyo baraka. Anatemea mtoto, anatemea ng'ombe, anatemea bibi arusi. Ile kitu nzuri kabisa ndiyo mzee haimezi.

Sasa mimi nilikuwa hapo, pombe ya binti yangu iko kwa ulimi, mti wa mama yake uko nyuma yangu. Ningefanya nini? Nilikubariki, mama. Wale walicheka ni wajinga, na shangazi yako ndiye mwenyekiti wao.

Mrudishie bosi yako hiyo pombe. Na unitumie chupa mbili. Nataka kuionja vizuri nikiwa peke yangu, bila Nyatichi kunihesabia mafunda.

Tata yako


Nairobi, 21 Aprili 2024

Tata wangu,

Salamu nyingi sana. Kifua kinaendeleaje? Chepkemoi aliniambia unakohoa.

Nilimpigia yeye nimuulize ile maneno ya baraka. Samahani, lakini wewe ni wewe. Akasema ni kweli, wazee wao walikuwa wanafanya hivyo, hata siku ya arusi yake alitemewa mpaka nguo ikalowa. Tata, niliketi kwa ngazi ya kiwanda nikalia kama mjinga. Tangu Krismasi nilikuwa nimebeba hiyo kitu kama jiwe kwa kiatu.

Bosi amekubali. Tumepika tangi nzima. Matunda yalitoka kwa mti wetu, Chepkemoi ndiye alinichumia. Watu wa kazi walinishangaa, sababu kabla tufungue tangi nilichukua funda nikatema chini, vile ulifanya. Sasa wenzangu nao wanatema. Mmoja anaitwa Phelix, anatema vizuri kushinda wazee wako.

Nimekutumia chupa mbili. Usiweke kwa jua. Mimina pole pole, ukibakisha kidogo utingishe chupa, ndio ule unga wa chini utoke, ladha ya ngano iko hapo. Halafu uniambie kila kitu kama zamani: kuni gani, nani amelia.

Nilikufungulia simu. Mbona nikipiga haushiki? Nitakuja Agosti nikipata likizo.

Mwanao anayekupenda,
Nyabate


Nairobi, 26 Mei 2024

Tata,

Mbona kimya? Chupa zilifika, mtu wa vifurushi alisema zimechukuliwa. Napiga simu inaita tu. Chepkemoi naye amekuwa mtu wa kusema "ako sawa, ako sawa" na kukata.

Ilikuwa mbaya tena? Niambie tu.

Nyabate


Kimulot, 9 Juni 2024

Nyabate, mama,

Uko mzima? Mimi hiyo swali usinirudishie.

Simu sishiki sababu sauti imeenda. Imebaki kama ya kuku amekanyagwa. Usimkasirikie Chepkemoi, mimi ndiye nilimkataza.

Ni koo. Ilianza kufunga mwaka jana wakati wa mahindi mabichi. Ugali ikakataa, halafu viazi, halafu chai. Nikaficha. Nilikuwa naenda nyuma ya nyumba kutema, narudi nacheka. Mwezi wa tatu nikapelekwa hospitali kubwa, wakaniweka kwa mashine ya kuchoma kwa ndani. Wameacha sasa. Daktari, kijana mpole, alishika mkono yangu badala ya kusema. Wameniingizia mrija kwa tumbo, uji inapita hapo. Cheka basi. Mimi Ombui, niliyekaa na wazee tukinyonya pombe kwa mrija kutoka nyungu moja, nikawashinda wote kwa pumzi, leo mrija imenishinda mimi.

Chupa zilifika. Nilifungua moja, nikamimina vile ulisema, nikatingisha ule unga. Nikatia kidole, nikaweka kwa ulimi. Hakuna. Hiyo mashine imechoma ulimi pia, kila kitu sasa ni chuma, hata maji, hata chumvi. Nikampa Kiplangat akunywe aniambie. Akakunywa yote. Nikamwandikia kwa karatasi, Chepkemoi amsomee: ikoje? Akasema, "Ni tamu." Nikauliza, tamu namna gani? Akafikiria sana mpaka jasho. Akasema, "Tamu kabisa." Mtu amekunywa maisha yake yote na ako na neno moja. Nilitaka kumpiga na mrija.

Kwa hivyo siwezi kukuambia ya chupa. Naweza kukuambia ya Krismasi, sababu hiyo ndiyo kitu ya mwisho ulimi yangu ilijua.

Ile matunda ya mamako ilikuja mbele, kali kidogo, kama yeye akiamka asubuhi. Nyuma yake utamu. Halafu ngano ikafika pole pole, kama mkate mtu amefunika na kitambaa kwa chumba kingine. Hakuna moshi, hapo mlipika na stima. Na hakuna mtu alikuwa amelia. Mwenye kupika alikuwa na furaha. Haikuwa mbaya, Nyabate. Wakati huo nilikuwa nimezoea kumeza kidogo kidogo, kama mwizi akipita kwa mbwa. Lakini hiyo ilinisahaulisha. Nikapiga funda ya mtu mzima. Koo ikafunga, hewa ikaisha, na watu wananiangalia.

Unasema Agosti. Agosti ni ya watu wanameza. Ukija, hiyo chupa ingine iko chini ya kitanda, haina jua. Usilete ingine. Usimwage kwa kaburi yangu pia, mamako alikuwa Sabato, atanigombeza huko mpaka nichoke.

Phelix na wenzake waendelee kutema, usiwaambie kitu. Wazee walifanya kweli, Chepkemoi hakudanganya. Ile ya nzi hata wewe hukuamini, kwa hivyo hiyo haihesabiwi uongo. Lakini baraka, mama, hiyo niliitunga. Siku hiyo sikuwa nabariki mtu. Nilikuwa nataka kumeza.

Tata