Chupa ya Ishirini na Tatu

Cambé, Paraná, Brazili,
9 Februari 2014.

Mpendwa binamu Edivaldo,

Hujambo huko Ureno? Na Ivete na mapacha hawajambo? Baridi imepungua? Sisi miili ni mizima. Mama yako goti linamsumbua, lakini haambiliki, bado anapanda ngazi. Mgonjwa ni moyo wangu, kwa hasira, hivyo nisamehe mwandiko.

Soya ya baba yako imeliwa na viwavi. Shamba lote la bondeni. Vimebaki vijiti.

Unajua maabara yetu hukuza virusi vya kuua viwavi, tunavilisha chembe hai za wadudu ndani ya chupa. Hivi vya sasa tumevipachika sumu ya nge ili kiwavi afe upesi. Kanuni hata mfagiaji wetu anaijua: ukishavihamisha chupa hadi chupa mara kumi, simama, rudi kwenye mbegu ya kwanza iliyogandishwa. Ukizidisha, vinazoea raha ya chupani na kuua vinasahau. Daktari Ataliba, mkuu wangu, alikuwa na wageni wa kuwaringia, akaona kurudi nyuma ni kupoteza wiki. Nilimkumbusha. Akaniambia nikaoshe vyombo. Dawa aliyopewa baba yako ilitoka chupa ya ishirini na tatu, nimeiandika daftarini kwa mkono wangu.

Na mimi sijitoi lawamani. Unawakumbuka wale viwavi waliokufa kwa virusi shambani, aliowaokota mjomba kila msimu na kuwagandisha kwenye makopo ndani ya friza ya mama yako, kando ya maharage, kisha akawasaga na kunyunyizia? Miaka ishirini hawakumwangusha. Ni mimi niliyemwambia, "Mjomba, tupa makopo hayo, dawa ya kisasa imefika." Akatupa. Laiti ningaliuma ulimi.

Sasa sikia ufedhuli. Ripoti ya Ataliba inasema mkulima alinyunyizia saa sita mchana, jua likaua virusi. Uongo mtupu! Nilikuwepo, nilimbebea ndoo, jua lilikuwa linazama. Eti nitie sahihi kama shahidi. Nimekataa, na Jumatatu nimeitwa ofisini. Waniite tu, nakala ya daftari ninayo. Wakinifukuza, nitauza maandazi.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Ataliba alikwenda mwenyewe nyumbani kwenu, akanywa chai yetu chungu ya kienyeji, akachekesha watu, akatoa ripoti na kalamu. Baba yako akatia sahihi. Nilipomuuliza kwa nini, aliinamisha kichwa.

"Daktari amesoma, mwanangu. Huenda kweli nilikosea saa."

Mtu aliyelima miaka arobaini! Tangu siku hiyo hashuki bondeni. Anakaa barazani anaivua saa yake ya mkononi, anaitikisa, anaiweka sikioni.

Mpigie simu, Edivaldo, usingoje Jumapili. Mimi kuhusu dawa hanisikii tena, na ana haki. Mwambie wewe mwanawe kwamba saa yake ni nzima.

Wabusu mapacha, msalimie Ivete. Mungu awatunze ugenini.

Ndimi dada yako, mwenye hasira nyingi na mapenzi yaleyale,
Jandira