Nilisema Naenda Pwani, Kanisa Zima Likasikia Mombasa

Dada Mumbi, nisaidie upesi kabla mwanangu Zadock hajanifuata huku na gari. Mimi ni mjane, nimestaafu mwaka jana baada ya kufua shuka za hospitali kule Maplewood, Minnesota, mpaka magoti yakaniambia basi, na nikaapa kwamba theluji haitanikuta tena nikijikokota na fimbo kutoka mlangoni hadi kwenye gari, kwa hiyo mwenzangu wa zamani kazini, Mmarekani anaitwa Dolores, aliponiambia amekodi nyumba ndogo ufukweni Texas na kuna kitanda cha pili, nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Sasa sikia balaa. Jumapili ya mwisho nilisimama kanisani kuaga, nikasema, "Wapendwa, baridi hii mtaimaliza bila mimi, naenda pwani." Dada, unajua vile Mkenya akisikia pwani! Watu wakapiga makofi, mchungaji akaniombea nifike salama, kina mama wakaniambia niwasalimie Mombasa. Ningesema nini? Mji wenyewe unaitwa Corpus Christi, yaani Mwili wa Kristo kwa Kilatini, wangedhani nimehamia Ukatoliki. Nikanyamaza. Asubuhi ya safari akatokea Jeptoo, kiongozi wa kina mama, na sanduku limejaa pomoni, ndani mna viatu vya harusi vya mdogo wake anayeolewa Eldoret baada ya Pasaka, na miwani ya baba yake, na Dolores amewasha gari anapiga honi, nami nikalipokea! Sanduku hilo liko chini ya kitanda changu hapa Texas, na kila nikilala nalihisi mgongoni.

Jeptoo naye akapiga simu nyumbani Kenya kwamba naja. Dada yangu Philister akakodi gari, akaenda uwanja wa ndege Nairobi na waimbaji, wakasubiri mpaka abiria wa mwisho akatoka, kisha akampigia Zadock akilia kwamba nimepotea. Zadock alijua niko Texas, lakini nilimwambia ni wiki mbili, na hizo zilipita zamani. Amewaka. Anasema nirudi Jumamosi hii, nisimame mbele ya kanisa niombe msamaha, na tena mkewe Lois ameongezewa shifti na hakuna wa kukaa na watoto.

Lakini sitaki kurudi! Hapa kuna bwawa la maji ya uvuguvugu, na mimi niliyekuwa naogopa hata mto wa kwetu, wiki iliyopita nimeelea! Nimeelea, Dada Mumbi, miguu juu, wazee wa Kimarekani wanapiga makofi, Dolores anapiga kelele "Peris! Peris!" na ilinichukua muda kukumbuka kwamba Peris ni mimi. Magoti yametulia. Fimbo sijui hata niliiacha wapi. Mjukuu wangu nilipomsimulia kwenye simu alinijibu kwa Kiingereza chake kwamba niendelee. Je, mimi ni mama mbaya nikikaa mpaka theluji iyeyuke?

Mama Zadock
Texas, Februari 1997

*

Mama Zadock, kwanza hongera. Hapo pa kuelea nimepasoma mara mbili nikiwa na soksi juu ya soksi hapa Hopkins, na gari langu limekataa kuwaka tangu asubuhi, kwa hiyo usitegemee nitakuwa mpole.

Mtu mzima, mbona ulilipokea hilo sanduku? Hukudanganya, sawa, pwani ni pwani hata ikiwa Texas. Lakini uliwaacha watu wasimame uwanja wa ndege wakimwimbia mgeni asiyekuja. Na hiyo hadithi ya Ukatoliki usiniletee. Wewe uliogopa swali letu moja tu: "Unaenda kwa nani?" Sisi tunasafiri kwa harusi, kwa matanga, kwa mgonjwa, kwa binti aliyejifungua. Ukisema unaenda kupumzika, basi, watu wanakuangalia kama umeanza kuchanganyikiwa. Ukaona heri wafikiri unaenda kusalimia watu Mombasa.

Msamaha utaomba, tena leo, lakini si wa kupumzika. Mpigie Philister, umwache akuseme mpaka achoke, ana haki. Kisha mpigie Jeptoo, umwambie viatu viko wapi. Kesho Dolores akupeleke posta, sanduku lirudi Minnesota. Nimeulizia: Bwana Duncan wa Anoka anasafiri kwenda Kenya mwezi ujao na mizigo yake haijajaa. Bibi arusi hatatembea na malapa kanisani kwa sababu yako.

Na wewe Zadock, najua utasoma haya, gazeti letu linafika kanisani kwenu. Mama yako amekulea, amefua shuka za wagonjwa wa jimbo zima, na sasa ameelea. Watoto ni wenu. Pangeni shifti zenu wewe na Lois, mmoja akitoka mwingine aingie. Uji unaweza kupika, wewe ni mwanamume mzima. Na ukigusa funguo za gari kumfuata Texas, nitaandika jina lako la pili hapa.

Mama, Jumamosi usirudi. Kaa huko mpaka barafu ya mito na maziwa yetu ipasuke, uelee mpaka ujifunze na kupiga mbizi. Halafu Novemba ikifika, simama tena pale kanisani, useme kwa sauti: "Naenda Corpus Christi, Texas, kupumzika." Utaje mji na utaje jimbo. Lazima atatokea mmoja kutoka viti vya nyuma kukuuliza unaenda kwa nani. Safari hii usinyamaze. Mwambie, "Kwa Peris."