Mate ya Rex

Nekesa dada, mulembe. Kitale baridi inang'ata.

Mimi na bosi tulipeleka mbwa yake Rex kwa daktari wa wanyama. Si unajua vile mama ya Rex alianguka getini akakufa. Ati ilikuwa moyo mbaya, ile mbwa anaweza zaliwa nayo, na wanaijua kwa kupima mate. Lakini bosi alikuwa amempa chapati njiani, kwa hivyo tukangoja kwanza mdomo isafike. Daktari akaleta kijiti ya pamba, Rex akamtolea meno.

Bosi akaniambia, "Shika wewe. Mbwa ni yangu lakini baba yake ni wewe."

Wakacheka. Nikachukua kijiti, na Rex akanifungulia mdomo. Nikasugua shavu ndani akinitazama tu.

Nikauliza daktari pole pole, "Na ndugu yake Simba, ule mdogo bosi alitupatia nyumbani?"

"Huyo pia anaweza kuwa nayo. Asikimbie sana."

Majibu itakawia. Sasa Nekesa, najua Simba hufuata baiskeli yako mpaka Misikhu. Mfunge, hata akilia. Ukirudi kaa na yeye, umkune masikio. Na wewe ujifunike vizuri.

Ndugu yako Wafula