Halua Imefika Qurum, Mimi Sina Habari

Baba Jaifar,

Mchuzi wa papa umo jikoni, pashani moto wenyewe. Binti yako Balqis aanue nguo.

Nnakwenda kwa mama, Mutrah. Asubuhi wifi Sayyida kanipigia simu kutoka kwake Qurum kushukuru kwa halua. "Hongera, mwanetu anakwenda kusoma Amerika!" Nikamwambia ahsante, kama vile mimi ndiye niliyeituma. Kumbe Jaifar kapata chuo cha serikali huko Iowa, mashambani, wanakosoma watoto wa wakulima, na halua mmeshagawa kwa ukoo mzima. Mimi niliyemzaa ndo mkanificha!

Mlihofu nitalia? Ningelia, kisha ningemfundisha kupika. Mtoto hata yai hajui kukaanga, huko katikati ya mahindi atakula nini?

Halua iliyobaki msinibakishie.

Jaifar, ~~usinipigie simu~~ nipigie baada ya Alasiri. Unambie mwenyewe, tangu mwanzo, usiruke kitu. Kwa shangazi yako nimejifanya najua. Kwako nitajifanya sijui, nipate na mimi kuambiwa na mwanangu.

Mama yenu