Herufi Moja Kando ya Kipande cha Tisa

Jumatatu, 5 Mei
Programu imemaliza kusoma jeni. Tena hakuna kitu. Mara ya nne. Damu ni ya Nasra, binti wa dada yangu Halima. Miaka sita, miguu inazidi kulegea. Wazazi walitia sahihi, daktari akaleta sampuli hapa maabara kwetu. Mkuu wangu anajua ni mpwa wangu. Ananitazama kama mgonjwa.

Jumanne, 6 Mei
Nimepita mtaa wa Jericho kwa Halima. Mama mkwe wake bado anasema Halima alimwangusha mtoto akiwa mchanga. Halima hajibu siku hizi. Nimerudi kwangu, mtaa wa Tena, kwa miguu, hasira tupu.

Alhamisi, 8 Mei
Mjinga mimi. Nilikuwa natafuta ndani ya vipande vya jeni peke yake. Seli huviunga vipande hivyo kupata ujumbe mmoja. Vingine mara huvitia, mara huviruka. Kosa linaweza kukaa kando, pale pa kukatia. Nimeiagiza programu ipekue pembeni mwa hivyo vinavyorukwa. Saa nane mchana stima ikapotea. Nimeanza upya. Kiti hakikaliki.

Ijumaa, 9 Mei
Nimechuja mpaka likabaki badiliko moja. Herufi moja tu, kando ya kipande cha tisa cha jeni ya misuli. Nasra analo mara mbili: la baba na la mama. Mkuu akasema, "Nyumbani usiseme kitu. Tupime msuli kwanza." Yuko sahihi. Namchukia.

Jumapili, 11 Mei
Halima amepiga simu. "Umepata kitu?" Nikasema bado. Sijawahi kumdanganya dada yangu.

Jumatano, 28 Mei
Majibu ya msuli yamefika. Kipande cha tisa kinarukwa kila mara. Ni kweli. Nimelia chooni.

Jumamosi, 31 Mei
Jana daktari aliwaeleza Halima na mumewe, Rashid. Dawa ya kuponya hakuna. Kuna mazoezi, na viatu vya kushikilia vifundo vya miguu. Leo, Jericho, Rashid alimwambia mama yake mbele yetu sote: "Nusu imetoka kwangu, mama. Halima hakumwangusha mtu."
Mama mkwe akampakata Nasra, akaanza kumkanda miguu.
Halima akatoka kuanika nguo. Nikamfuata. Alinipa shuka, nikashika upande mmoja, yeye upande mwingine, tukalikamua.