Papai Bichi na Mguu wa Baba

Jumamosi, 19/7/2025

Niko Kikatiti kwa wazee, kesho ni sikukuu ya mavuno kanisani. Baridi! Ukungu umeshuka mpaka barabarani. Jana baba alijikata na panga akiangusha mkungu wa kutoa sadaka. Chini ya goti, mkwaruzo tu. Kaosha na maji ya chumvi, kafunga kitambaa, basi. Gerson, mdogo wangu, kaubeba huo mkungu huku anayumba, na mzee nyuma yake anamgombeza asiuchubue. Mguu wake haongelei, anaongelea ndizi.

Jumapili, 20/7/2025

Mnada wa mazao umevuta mpaka mchana. Baba ni mzee wa kanisa, kwa hiyo kasimama muda wote. Mkungu wake umegombewa, kacheka mpaka jino la mwisho. Lakini anatoka jasho — na baridi yote hii! Nikamwambia twende hospitali. Hataki. Aache mnada kwa ajili ya mkwaruzo? Mbishi huyu mzee, sijui kaumbwaje.

Kumbe asubuhi alishameza diklofenaki za jirani, za kutuliza maumivu. Jioni zilipoisha nguvu, akalia. Baba yangu, kulia! Mama akamtania kwa jina langu: hicho ni kidonda cha mtoto, Baba Elinipa, nyamaza. Nikakiangalia. Kweli kidogo. Ngozi imevimba kiasi, inang'aa. Maumivu na kidonda haviendani kabisa. Naogopa.

Jumatatu, 21/7/2025

Tuko hospitali, mjini. Mguu umekuwa gogo. Malengelenge, ngozi rangi ya zambarau. Wamempasua kuanzia kwenye kidonda, wameosha, wameacha wazi. Daktari kachora mstari wa kalamu juu ya goti, pale uvimbe unapoishia. Usivuke hapo, kasema. Kama vile unasikia!

Nesi Prisca kanieleza kwamba kuna bakteria waliingia kwenye mkato, na wanatoa vimeng'enya. Nikamwambia dada, mimi niliishia kidato cha pili, niambie tu kawaida. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nachoma mishkaki Lemara.

"Nyama ngumu unailainisha na nini?"

Papai bichi, nikamjibu.

"Basi nao wanafanya hivyo hivyo. Wanalainisha nyama ya mtu, wapate njia ya kupita."

Bora nisingeuliza.

Jumanne, 22/7/2025

Nimepita kazini asubuhi kuomba ruhusa. Oscar, mwenzangu wa jikoni, alikuwa ameloweka nyama tangu jana na papai lake. Nikashika kipande kimoja. Kikaachana chenyewe vidoleni. Nimekimbia chooni, nimetapika mpaka nyongo. Oscar anauliza dada una mimba?

Uvimbe umeruka mstari. Daktari kachora mwingine, nao umerukwa. Nikawaka: sasa hizo dripu zinafanya nini? Kanijibu kwa upole, ndio umeniumiza zaidi. Dawa inasafiri na damu, na nyama ikishakufa damu haifiki tena. Inabidi kukata mguu, pajani. Presha ya baba iko chini mno, waipandishe kwanza, kesho wakate.

Baba kakataa. Nani atamkatia ng'ombe migomba? Nikasema Gerson. Akacheka — Gerson! Mimi namsihi, namsihi, kama naongea na ukuta. Mwisho kanishika mkono. Tangu niko mdogo ananiita mama.

"Mama, wakate. Ila usiwaachie wauchome kama takataka. Uzikwe nyumbani, pembeni ya bibi yako."

Nimemwahidi. Sina kingine cha kumpa.

Jumatano, 23/7/2025

Wamemwingiza chumba cha upasuaji. Mlangoni kaniuliza kama Gerson kaanza kuchimba. Nikasema ndiyo, baba. Naandikia hapa kwenye benchi, nimepakata kanga mpya ya mama. Ya kuufungia mguu. Jamani, binadamu anakaa na kanga anasubiri mguu!

Daktari katoka mapema mno. Akakaa karibu yangu, na sikupenda alivyokaa. Kasema walipofungua paja wamekuta ugonjwa umeshapanda kiunoni, umeingia tumboni. Kukata pale walipopanga hakusaidii tena. Wanaosha wanachoweza. Anapumua kwa mashine. Nikauliza, na mguu? Kasema mguu hawajaukata.

Sijui kwa nini niliuliza mguu. Kanga bado nimeipakata.

Gerson kapiga simu. Yuko migombani na jembe, hajui kitu. Anasema udongo ni laini, kazi inakwenda, anataka tu nimwambie.

"Dada, nichimbe urefu gani?"

Nikamwambia asubiri, nikakata simu. Sasa inaita tena. Ni yeye.