Mashangazi wa Tekla

Ng'ambo, Unguja

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama ananiambia limeanza kukufikisha kanisani, ila ukirudi unaligombeza njia nzima kana kwamba ni mtoto mtukutu. Na kahawa je, imechanua vizuri mwaka huu? Mimi ni mzima, cherehani inakwenda, na wateja wa nguo za Idi wamenijaa mpaka mlangoni.

Nakuandikia kwa sababu siku hizi kila nikikupigia simu unakata. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini nakujua, udadisi utakushinda uisome kwanza.

Tekla ametoka, Baba! Ametoka jana kwa dhamana, na sasa hivi amelala hapa nyuma yangu, anakoroma kama wewe. Nimefurahi mpaka nimeshona mkono wa gauni la mtu mahali pa shingo. Kaa chini nikusimulie, maana hayo uliyoyasikia huko Mbinga ni nusu ya mambo, na nusu yenyewe imepinda.

Wewe uliambiwa binti yako mdogo amekamatwa kwa siasa. Siasa gani? Jumuiya anayoifanyia kazi ya ukarani haina chama. Inawapa msaada wa sheria watu wasio na uwezo. Kosa lao ni kuwasimamia wanawake wa Chwaka wanaolima mwani, ambao njia yao ya kushukia pwani imezibwa na ukuta wa hoteli ya mkubwa mmoja. Jumuiya ikaupeleka ukuta mahakamani. Wiki haikupita, ofisi yao ikatiwa kufuli, na Bi. Mwanakheri, mwenyekiti wao, akachukuliwa pamoja na Tekla. Wakashtakiwa kwa kukusanya watu bila kibali na kutaka kuvunja amani. Baba, hapa hata muuza kahawa anajua kwamba aliyewashtaki ni ule ukuta.

Ilikuwa ndiyo kwanza Ramadhani inaanza. Mikusanyiko ikapigwa marufuku. Mabango marufuku, fulana za jumuiya marufuku. Lakini nani ataipiga marufuku futari?

Jioni ya kwanza nilikwenda rumande na bakuli langu la wali na maharage, nikidhani nitakuwa peke yangu. Loo! Nikakuta wanawake wamejaa langoni, kila mmoja na sahani kichwani, imefunikwa kawa, vile vifuniko vyao vya ukili vya rangi rangi. Harufu ya mihogo ya nazi na kaimati ilifika barabarani. Askari wa lango, mtu mrefu wanayemwita Afande Haji, jasho lilikuwa linamtoka.

"Amri imekuja," akasema. "Chakula ataleta jamaa wa mahabusu tu. Asiyekuwa jamaa arudi kwao."

Wakatazamana. Kisha akasogea mama mmoja mfupi, mikono imepauka kwa maji ya chumvi.

"Nnaleta futari ya Tekla."

"Wewe nani wake?"

"Mie shangazi yake."

Afande Haji akamtazama juu mpaka chini. "Bibi wee, huyu si mtu wa bara?"

"Kwani bara hakuna mashangazi?"

Nilijiziba mdomo kwa kanga. Mimi najua, Baba, kwamba wewe ulizaliwa peke yako na bibi hakujaaliwa mwingine. Lakini nyuma ya mama yule akaja wa pili, naye shangazi. Wa tatu, shangazi. Afande Haji akashika kiuno: "Huyo babu yake Tekla alikuwa na wake wangapi?" Akajibiwa, "Hilo kamuulize babu, sie tumezaliwa tu." Lango zima likacheka, na yeye mwenyewe akageuza uso kuficha meno. Akafungua.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila jioni dada zako wanaongezeka. Watu wa mtaa wa Kiembe Samaki wakaanza kuleta vyakula kwa gari, vijana wa teksi wakapeleka bure, na katika vijiwe vya kahawa hakuna mazungumzo mengine ila kesi ya akina Bi. Mwanakheri. Watu waliokuwa wakinong'ona sasa wanasema kwa sauti. Ndani huko walifuturu mahabusu wote, na askari wao pia. Tekla naye akafunga nao, msalaba wake shingoni. Na amenenepa! Magauni niliyomshonea hayamwingii. Sijapata kuona mtu anayetoka rumande na mashavu.

Yule mama wa kwanza jina lake Bi. Kazija. Ni mjane, analima mwani tangu ujana, na kila safari ya kutoka Chwaka alikuwa anapumzika dukani kwangu akiniuliza habari zenu. Anajua jina lako, anajua kahawa yako, anajua na goti.

Halafu ukaja ule ujumbe wako. Ofisa mmoja alikuwa amemwambia Tekla atie saini karatasi inayosema Bi. Mwanakheri ndiye aliyewaamuru wanawake wakavunje ukuta, naye aachiwe siku hiyohiyo. Ukuta haujaguswa hata jiwe moja, Baba. Ukanipigia: "Mwambie asaini atoke. Mkono wa serikali ni mrefu." Sikulaumu. Mimi pia nilikuwa silali, na moyoni nilitaka asaini.

Nikamfikishia kama ulivyosema, neno kwa neno. Akaniuliza, "Dada, nile futari yao kisha niwauze?" Kama wewe una jibu la kumpa, niandikie.

Sasa jana. Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Bi. Mwanakheri alipata dhamana upesi, kwa kuwa mjini hapa kila ukoo unamjua. Ilipofika zamu ya Tekla, mwendesha mashtaka akasimama. "Mheshimiwa, mshtakiwa wa pili si mkaazi wa asili. Hana ndugu hapa. Akitoka leo, kesho ameshavuka bahari, hatumwoni tena."

Hilo ndilo tulilokuwa tunaliogopa. Mimi dada yake ni mtu wa bara kama yeye, tena mpangaji, nitamdhamini kwa kitu gani?

Hakimu akauliza, "Ana ndugu yeyote mkaazi?"

Wakasimama, Baba. Safu nzima ya mabuibui, halafu safu ya nyuma yake, mpaka benchi moja likapinduka. Hakimu akavua miwani. Akamgeukia Afande Haji, aliyewaleta mahabusu akasimama mlangoni: "Hawa unawajua?"

"Nnawajua, mheshimiwa. Mashangazi zake. Huja kila siku."

Bi. Kazija akapita mbele, akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi za nyumba yake ya Chwaka, ile aliyoijenga kwa fedha za mwani. Ndiyo mali yake yote duniani. Hakimu akamwambia mbona yeye na mshtakiwa hawafanani.

"Undugu ni kufaana, mheshimiwa, si kufanana. Huyu mtoto wa kaka yangu, mzee Kanisius wa Mbinga. Akikimbia, nyumba yangu na ichukuliwe."

Hakimu akazisoma zile karatasi moja moja. Mwisho akamwambia karani, "Andika." Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilifika kwenu. Mimi nililia bila haya.

Kesi haijaisha. Itasikilizwa baada ya Idi, na huenda ikawa ndefu, na sijui mwisho wake. Uliagiza akitoka tu apande boti, halafu basi, aje nyumbani, kesi wabaki nayo wenyewe. Najua ni hofu ya mzazi. Lakini Tekla asipoonekana mahakamani hata mara moja, nyumba ile inachukuliwa.

Nisalimie Mama, mwambie kitambaa chake nimeshakikata. Salamu kwa kaka Deo na mkewe, kwa bibi mzaa mama, na kwa katekista jirani yetu aliyemwombea Tekla kila Jumapili. Bi. Mwanakheri anakusalimu. Afande Haji naye anakusalimu, anasema anatamani kumwona mtu mwenye dada wengi hivyo.

Na Bi. Kazija. Watu walipotawanyika jana alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huyo kaka yangu ni mtu wa vipi? Hatamwita mtoto arudi kwao?" Nikamwambia wewe ni mkali, lakini hujamtoa mtu nyumbani kwake tangu uzaliwe. Nimemwambia hivyo kwa jina lako, Baba, naye akaenda zake Chwaka kulala. Usinifanye mwongo.

Ni mimi binti yako,
Felista